Kabla ya Kuita Mashine ya Foraji: Kupima Ardhi kwa Umeme Hapa Lubumbashi

"Papa, ile mashini inaona mayi?"

Mama mmoja wa Annexe, pembezoni mwa mji, aliniuliza hivyo mwisho wa Septemba, ndoo mbili tupu mkononi, wakati nafungua waya uani kwake. Nilimjibu, "Hapana, mama. Inasikia tu umeme unavyopita udongoni. Mayi tutayatafuta sisi wenyewe." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Watu wengi mjini wameuziwa maneno kwamba kuna chombo kinachoona maji chini ya ardhi. Hakuna. Kipo chombo kinachopima ukinzani, yaani jinsi udongo na mwamba vinavyouzuia umeme kupita. Kutoka kwenye namba hiyo hadi kwenye maji kuna safari, na mwongozo huu ni wa safari hiyo.

Nauandika kwa sababu nyumbani kwetu tulichanga pesa ndugu wanne tukaita kampuni moja ije kuchimba. Wakaangalia lori litaingilia wapi, wakasimamisha mashine hapo hapo kando ya geti. Mita 70. Ilitoka vumbi jekundu, kisha vumbi la kijivu, kisha wakatuletea hesabu ya mita 70. Foraji, yaani kisima kinachotobolewa kwa mashine, hulipwa kwa mita, iwe na maji au isiwe nayo. Siku moja ya kupima ingetuambia kwamba chini ya geti letu mwamba mzima, usiooza wala kupasuka, uko karibu sana na juu, na kwamba upande wa pili wa uwanja mwamba umeoza, yaani umelegea na kumegeka, hadi chini zaidi. Nilijua baadaye, nilipopima mwenyewe.

Jua kwanza umesimama juu ya nini

Usitoe waya kwenye gari kabla ya kujua jiolojia ya mahali. Hatua hii haina gharama na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na chini yetu kuna miamba ya kale ambayo wanajiolojia wameigawa katika mafungu matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Shaba na kobalti ya Katanga, eneo letu hili, hukaa zaidi katika Roan. Katika Nguba kuna chokaa na dolomiti (mwamba ulio ndugu wa chokaa) ya Kakontwe, iliyopewa jina la mahali karibu na Likasi. Mwamba huu huliwa na maji taratibu, ukabaki na nyufa pana na mapango, na ukiupata penye nyufa hizo unaweza kupata maji mengi sana. Kundelungu kwa sehemu kubwa ni miamba ya tope na mchanga mwembamba iliyoganda. Yenyewe haishiki maji mengi, maji yake yako kwenye nyufa na kwenye sehemu ya juu iliyooza.

Miamba hii yote ilikunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kama mkeka uliosukumwa kutoka upande mmoja. Kwa upande wetu, kuanzia Kipushi hadi Ruashi, mikunjo hiyo imelala kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Shika hilo kichwani, litaamua waya wako utauvuta kuelekea wapi.

Ramani za jiolojia za Katanga zipo. Anzia kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ukiwa na ramani, tembea kwa miguu. Ingia kwa majirani wote wenye visima, piga hodi, uliza mambo matatu: kisima kina kina gani, hukauka mwezi gani, na mchimbaji aligonga mwamba mgumu kwenye mita ya ngapi. Mzee aliyechimba kisima kwa jembe na kamba mwaka wa njaa ya maji anakumbuka kila mita yake. Jibu lake moja huwa na thamani kuliko nusu siku ya vipimo, na nitaonyesha kwa nini.

Angalia pia vichuguu. Vichuguu vya huku ni vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na udongo wake ni mfinyanzi, ndiyo maana watu huufyatulia matofali. Umeme hupita kwenye mfinyanzi kwa urahisi. Waya wako ukipita juu ya kichuguu utaona namba imeshuka na utadhani umepata kitu. Mbaya zaidi ni kile kilichokwisha kuvunjwa kwa matofali: juu pako sawa kama uwanja, lakini chini mguu wake wa mfinyanzi bado upo. Uliza wenyeji vilisimama wapi.

Jambo la mwisho kabla ya kupima: nenda kwa mkuu wa mtaa na kwa majirani, uwaeleze unafanya nini. Huku kwetu mtu akionekana na waya na mashine, habari inayotembea ni madini. Watu wamekwisha kuona huko Kolwezi, katika mtaa wa Kasulo, tangu 2014, watu wakichimba kobalti chini ya nyumba zao. Hofu yao ina sababu. Waonyeshe chombo, waache wasome namba.

Kwa nini umeme, na si njia nyingine

Jiofizikia ina njia nyingi na kila moja husikia kitu chake. Mtetemo wa nyundo husikia ugumu: hupita kwa mita mia chache kwa sekunde kwenye udongo mkavu, kama 1,500 kwenye mchanga uliojaa maji, na zaidi ya 3,000 kwenye mwamba mzima. Sumaku husikia chuma. Mvutano wa dunia, ukipimwa kwa uangalifu mkubwa, husikia uzito, na ndiyo njia nzuri ya kutafuta mapango. Rada ya ardhini ni nzuri kwenye mchanga mkavu, lakini kwenye mfinyanzi wetu mawimbi yake hufa kabla ya kufika mbali.

Kwa maji ya kisima cha familia au cha shule, umeme ndio wenye faida zaidi kwa gharama yake. Conrad Schlumberger, Mfaransa, alianza kuupima ardhini mwaka 1912, na Frank Wenner wa Marekani akaandika kanuni yake mwaka 1915. Mpangilio wa vyuma tunaotumia hadi leo bado unaitwa kwa majina yao.

Wazo lenyewe ni hili. Unapiga vyuma viwili ardhini, A na B, unapitisha mkondo wa umeme kati yake. Katikati unapiga vyuma vingine viwili, M na N, unasoma volti iliyojitokeza. Volti ukigawa kwa mkondo, ukazidisha kwa namba inayotokana na umbali wa vyuma, unapata ukinzani wa ardhi katika omu-mita. A na B vikiwa karibu, umeme hupita juu juu. Ukivisogeza mbali, unazama zaidi. Basi, kusogeza vyuma kwa pembeni ndiko kuchungulia chini.

Vifaa

Kipima ukinzani na betri yake, au betri ya gari ya volti 12. Vyuma vinne visivyoshika kutu vya urefu wa sentimita 60 hivi, na viwili vya akiba. Nyundo mbili nzito. Mizunguko miwili ya waya wenye gamba zima, kila mmoja mita 200 au zaidi, na mingine miwili mifupi. Tepu mbili za mita 100. Dumu la maji na chumvi. Daftari, penseli na karatasi ya logi (karatasi ya kuchorea ambayo kila hatua kubwa ni mara kumi ya iliyotangulia). Watu wanne: mmoja kwenye chombo, mmoja wa kuandika, wawili kwenye vyuma vya nje.

Penseli, si kalamu. Jasho na mvua hufuta wino.

Kuchagua mstari

Nyaya za umeme za barabarani, mabomba ya chuma ya maji, uzio wa waya na misingi yenye vyuma vyote huharibu kipimo. Bomba likilala sambamba na mstari wako, umeme utaliingia bomba badala ya kuzama. Kwenye mitaa ya hapa mjini kama Kenya au Kamalondo, ambako nyumba zimebanana, mara nyingi hakuna mstari wa kutosha, na ni bora kumwambia mwenye nyumba hivyo kuliko kupima mita 30 na kudai umeona mita 60 chini. Annexe, Kisanga, njia ya Kasapa, bado kuna nafasi.

Kina unachokiona ni kama theluthi moja ya umbali kutoka katikati hadi A. Ukitaka kuiona mita 50 au 60 vizuri, uwe na nafasi ya mita 150 hadi 200 kila upande. Watu wengi hupinga, wanaona ni mbali mno. Ardhi haijali.

Sasa ule mkunjo wa miamba. Ukitafuta mpaka kati ya mwamba na mwamba, au ufa mkubwa, vuta mstari uukate mkunjo: kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi. Ukitaka kujua tabaka chini ya mahali pamoja, vuta waya ufuate mkunjo: kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, ili pande zote mbili zikae juu ya mwamba wa aina moja. Nimeona ripoti ambayo tabaka zake zilikuwa uongo mtupu kwa sababu upande wa A ulikuwa kwenye dolomiti na wa B kwenye mwamba wa tope, na hesabu ikadhani yote ni sawa.

Profili: kutembea na vyuma vinne

Anza kwa profili. Panga vyuma vinne kwenye mstari mmoja, umbali ulio sawa kati ya kimoja na kingine, tuseme mita 20. Soma, kisha sogeza vyote mbele mita 10 au 20, soma tena, hadi mwisho wa uwanja. Hesabu yake ni nyepesi: 2 mara 3.14 mara umbali mara volti kwa ampea. Kwa mita 20, unazidisha kwa 125.7. Chombo kikionyesha omu 0.9 (ndiyo hiyo volti kwa ampea), ukinzani ni 113.

Chora namba hizo papo hapo. Unachotafuta ni bonde: mahali ukinzani unaposhuka ukilinganisha na pande zake, kwa upana wa vituo viwili au vitatu. Huko mwamba huenda umeoza zaidi au umepasuka. Kituo kimoja tu kilichoshuka ghafla ni bomba, kichuguu au chuma kilichoshika vibaya. Rudi ukapime tena.

Sondaji: kuchungulia chini ya mahali pamoja

Kwenye bonde la profili weka kigingi. Hapo ndipo katikati ya sondaji, na hakisogei tena.

M na N weka mita 1 kati yake, nusu kila upande wa kigingi. A na B anza mita 1.5 kutoka kigingini, kisha 2, 3, 4, 6, 8, 10, 15, 20, 30, 40, 60, 80, 100, 150. Hatua hukua kwa sababu kadiri unavyozama ndivyo macho yanavyofifia. Chini sana hakuna faida ya kusogeza mita moja moja. Vyuma vikiwa karibu, usivizamishe sana, sentimita 5 hadi 10 zinatosha, maana kanuni inadhani chuma ni nukta.

Ukifika mbali volti huwa ndogo mno, kwa hiyo panua M na N hadi mita 10. Ufanyapo hivyo, pima kwenye mita 30 na 40 mara mbili, mara moja kwa mpangilio wa zamani na mara moja kwa mpya. Namba zikitofautiana kidogo, kawaida. Zikitofautiana sana, kuna kitu karibu na kigingi kinachokudanganya.

Kila kituo kina kanuni yake: 3.14 mara (nusu ya AB kwa kipeo cha pili, kutoa nusu ya MN kwa kipeo cha pili), gawa kwa MN. Kwa mita 40 na MN ya mita 10: 1,600 toa 25, mara 3.14, gawa kwa 10, ni 494.8. Chombo kikisoma milivolti 39 kwa miliampea 180, unapata omu 0.217, na ukinzani ni 107 omu-mita. Piga hesabu hiyo uwanjani, mstari kwa mstari. Usiseme utaifanya nyumbani.

Tafadhali soma aya hii mara mbili. Chombo hutuma mamia ya volti kwenye A na B. Hiyo inaua. Mtu wa chombo asibonyeze kabla ya kusikia "tayari" kutoka kwa A na "tayari" kutoka kwa B, na hao wawili wawe wameachia chuma na kurudi nyuma hatua tatu. Watoto watakuja, maana hakuna mtoto wa Lubumbashi anayeona waya mrefu akabaki nyumbani. Wape kazi ya kuhesabu hatua kwa mbali, pamoja na kuwafukuza mbuzi. Sauti isipofika, tumia simu au kipenga, na mkubaliane kabla: kipenga kimoja ni simama, viwili ni endelea. Kuanzia Oktoba, ukisikia radi hata ya mbali, vuta vyuma, kunja waya, ondoka. Mita 300 za waya juu ya nyasi ni mwaliko.

Wakati wa kiangazi udongo wa juu huwa kama tofali na umeme haupiti. Chimba kishimo kidogo mahali pa chuma, mimina maji yenye chumvi, kanyaga, ngoja dakika kadhaa. Fanya hivyo kwenye A na B. Kwa M na N maji matupu yanatosha. Watu huniuliza kama ni bora kungoja mvua. Mimi napenda kupima Septemba au Oktoba mwanzoni, maji yakiwa yameshuka chini kabisa. Kisima kilichochaguliwa Februari hukupendeza Februari tu.

Na kuna jaribio moja linalookoa siku nzima. Ng'oa chuma A, kiache hewani bila mtu kukishika, bonyeza. Mkondo lazima uwe sifuri. Kama chombo bado kinaonyesha mkondo, gamba la waya limechubuka na umeme unavuja kwenye nyasi mbichi. Namba zote za mbali ni takataka. Tembea na waya mkononi, utapata mahali panya au panga lilipopita.

Kusoma mchoro

Chora kwenye karatasi ya logi, umbali chini, ukinzani kando. Chukua mfano huu wa mazoezi, wa kawaida kwa udongo wetu. Mita 3: 790. Mita 6: 580. Mita 10: 300. Mita 15: 145. Mita 20: 102. Mita 30: 92. Mita 40: 107. Mita 60: 142. Mita 80: 185. Mita 100: 225. Mita 150: 315.

Umbo lake ni bakuli. Juu ni udongo mwekundu mkavu, namba kubwa. Katikati ni tabaka linalopitisha umeme. Chini namba zinapanda, ni mwamba mzima. Kabla ya kufurahi angalia mpando wa mwisho: kwenye karatasi ya logi hauwezi kuzidi mwinuko wa nyuzi 45, hata mwamba uwe mgumu namna gani. Ukizidi, kosa ni lako au la waya, si la Mungu aliyeumba mwamba. Kwenye mfano wetu uko chini kidogo ya hapo, unakubalika.

Ukiziingiza namba hizo kwenye programu ya kompyuta (IPI2Win ya Chuo Kikuu cha Moscow imetumika sana kwa kazi hii, ResIPy ni ya bure pia kwa wanaopima mistari), itakupa kitu kama hiki: mita 4 za ukinzani 850, kisha mita 30 za ukinzani 70, kisha mwamba wa zaidi ya 2,000 kuanzia mita 34.

Hapa wengi husimama, wanaandika ripoti, wanadai pesa. Ngoja.

Chukua 30, gawa kwa 70. Unapata 0.43. Sasa chukua mita 15 za ukinzani 35, gawa: 0.43. Kwa chombo, tabaka hizi mbili ni karibu kitu kimoja. Mchoro utafanana kiasi kwamba kompyuta itazikubali zote. Lakini kwa mama mwenye ndoo ni vitu viwili tofauti kabisa. Mita 30 za 70 yaweza kuwa mwamba uliooza, wenye chembe na nyufa, unaotoa maji. Mita 15 za 35 yaweza kuwa mfinyanzi, uliojaa maji na usioyaachia hata tone. Mfinyanzi hukaa kati ya omu-mita chache na makumi kadhaa, mwamba uliooza wenye maji huanzia huko hadi mia mbili hivi, dolomiti nzima hupita elfu, ikipasuka na kujaa maji hushuka hadi mamia. Namba hizi huingiliana. Tena Katanga ina miamba myeusi ya tope yenye kaboni ambayo hupitisha umeme kama chuma, chini ya 10, na ni mikavu.

Nani ataamua? Yule mzee wa kisima cha jembe. Kama alisema amegonga mwamba mgumu kwenye mita 18 au 20, tabaka lako ni la mita 15 na ni mfinyanzi. Kama alishuka mita 28 bado anachimba kilichooza, kinachomegeka mkononi, unalo tabaka la mita 30. Unaingiza jibu lake kwenye programu, unafunga kina hicho kisibadilike, unaiacha kompyuta itafute kilichobaki. Ndiyo maana nilisema kupiga hodi kuna thamani kuliko nusu siku ya vipimo. Mpimaji anayekupa ripoti bila kutaja kisima hata kimoja cha jirani amekupa nusu ya kazi.

Kwa mradi mkubwa, shule au hospitali, omba mstari wa elektrodi nyingi, yaani vyuma vingi kwa pamoja: 48 kwa umbali wa mita 5 hufunika mita 235, na chombo hubadilisha chenyewe vyuma vya kutumia. Unapata picha ya ubavu wa ardhi, si mstari mmoja wa wima. Ni ghali zaidi, na kwenye dolomiti ningesema ni lazima, kwa sababu huko mwamba hupanda na kushuka kama meno, na sondaji moja inaweza kukaa juu ya jino huku shimo la maji liko mita 10 kando.

Kuhusu dolomiti, neno la tahadhari. Ukipata pango lenye maji usilivute hadi likauke. Maji yale yanashikilia paa la udongo juu yake. Afrika Kusini, Desemba 1962, kwenye mgodi wa West Driefontein ambako dolomiti ilikuwa imenyonywa maji, ardhi ilifunguka ghafla ikameza jengo zima la kusaga mawe na watu 29. Pampu ya familia haifanyi hivyo, lakini kiwanda kinachovuta mchana na usiku karibu na nyumba kiulizwe.

Siku ya kuchimba

Mwandikie mchimbaji karatasi moja: kigingi kiko wapi, tabaka unazotarajia na mita zake, kina cha kusimama. Andika pia mashaka yako. Kwa mfano wetu ningeandika: "Maji yategemewe kati ya mita 15 na 36. Mwamba mzima karibu na 34. Ukifika 45 bila maji, simama, nipigie." Sentensi hiyo ya mwisho ingetuokolea mita 25 pale getini kwetu.

Kigingi hakisogezwi kwa ajili ya lori. Kama lori haliingii, ukuta ubomolewe au tupime mahali pengine. Na kigingi kiwe mita 30 au zaidi kutoka vyoo vyote, vya kwako na vya jirani. Kwenye mwamba wa mapango hata 30 haitoshi, maana uchafu husafiri kwenye nyufa bila kuchujwa.

Simama kando ya mashine. Kila mita chota vumbi linalotoka, lipange kwenye mfuko wa saruji uliokunjuliwa, kilima kidogo kwa kila mita, ukiandika namba. Rangi itabadilika mbele ya macho yako: nyekundu, njano, kijivu cha kijani. Vumbi likigeuka uji, andika mita. Linganisha na ripoti. Ulipokosea, rekebisha tafsiri yako siku hiyo hiyo, kwa sababu jirani atakuita wiki ijayo na ardhi yake ni ndugu wa hii.

Maji yakitoka, yavutwe kwa saa nyingi huku ukipima yanavyoshuka na yanavyorudi, si nusu saa ya kupiga picha. Yapelekwe maabara kwa vijidudu na pia kwa metali. Mji huu umeyeyusha shaba tangu miaka ya 1910, na maji kuwa meupe si ushahidi kwamba ni mazuri.

Kila mwisho wa mwezi shusha kamba yenye kitu kizito kidogo chini, sikiliza inapogusa maji, pima urefu, andika. Miezi kumi na miwili ya namba hizo itakuambia kisima kinapumua vipi. Yule mama wa Annexe ameanza: mita 19, Oktoba, ameiandika kwa makala, yaani mkaa, kwenye ukuta wa jiko lake, na chini yake ameacha nafasi ya Novemba.